"Dawa ni Zile Zile": Kisa cha Chupa ya CBD na Mgonjwa wa Warfarini

Kisa hiki ni cha mfano. Mama anayezungumzwa hapa si mtu anayeweza kutafutwa akapatikana. Tumemuunda ili jambo linaloweza kumpata mgonjwa yeyote anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lionekane kwa ukaribu, siku kwa siku. Hesabu za matone, viwango vya dozi na hatua za tiba ndizo zinazotumika kweli Uingereza, na ndiko kisa kinakotokea, kwa sababu huko mafuta ya CBD, kemikali moja ya mmea wa bangi, huuzwa dukani karibu na vitamini, bila cheti cha daktari.

Mama ana miaka 68 na kilo 62. Ni mzaliwa wa Tanga, anaishi London kwa bintiye. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ikamwachia vali ya moyo iliyobana, na ukubwani mapigo ya moyo yakapoteza mpangilio. Kwa mtu wa hali hiyo damu huweza kuganda ndani ya moyo, bonge likachomoka, likaenda kuziba mshipa wa ubongo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana kila jioni anakunywa warfarini, ile ambayo wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi kitu, inalizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza viungo vya kugandisha, yaani protini zinazofanya damu igande. Dawa mpya zaidi, zisizohitaji kupima damu mara kwa mara, kwake si mbadala mzuri. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022, la wagonjwa wa vali zilizoharibiwa na homa hiyo hiyo katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kwamba waliokuwa kwenye kundi la warfarini walipata matatizo machache ya moyo na mishipa na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya.

Dozi yake ilikuwa miligramu 4. Uingereza vidonge vya warfarini hutambulika kwa rangi, kwa hiyo mama hakuhitaji kusoma: kimoja cha bluu, ambacho ni miligramu 3, na kimoja cha kahawia, miligramu 1. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilitakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Mara ya mwisho kilikuwa 2.4. Kwa miezi kadhaa hakikuyumba, ndiyo maana kliniki ikamwambia arudi baada ya wiki 8. Nafasi hiyo ya wiki 8 ndiyo iliyoficha kila kilichofuata.

Magoti yake yamesagika. Ibuprofen na jamaa zake alikatazwa, kwani pamoja na warfarini huweza kutoboa tumbo likavuja damu. Alibaki na paracetamol, gramu moja usiku anapozidiwa. Bintiye, kwa huruma kabisa, akamnunulia chupa: mililita 30, imeandikwa asilimia 10, miligramu 3000 za CBD.

Jina la kitu hicho kwa Kiswahili lina sehemu kubwa katika kisa hiki kuliko inavyodhaniwa. Lebo iliandika kwa Kiingereza kwamba yametokana na "hemp". Ukifungua kamusi utaambiwa hiyo ni katani. Sasa mwambie mtu wa Tanga neno katani, mahali ambapo mkonge umelimwa tangu mwaka 1893, uone picha gani inamjia: mashamba ya mkonge, nyuzi zimeanikwa, kamba na magunia. Hawezi kufikiria bangi. Kumbe ni bangi kweli, ile isiyo na kileo cha kutosha kulevya. Mmea mmoja una kemikali nyingi. THC ndiyo inayolevya, CBD hailevyi. Ila kutolevya si sawa na kutofanya kazi mwilini, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa.

Halafu kuna neno mafuta. Mafuta ya habasoda, ya mwarobaini, ya karafuu, ya kuchulia magoti: katika nyumba ya Mswahili mafuta ni kitu cha kabatini, hayahesabiwi pamoja na dawa za hospitali. Mama aliyapokea kwa akili hiyo hiyo.

Siku saba za mwanzo alitia matone manne chini ya ulimi kila usiku. Hakuona nafuu. Siku ya nane akaanza kufyonza ile dropa ya kioo mpaka juu, asubuhi moja na usiku moja.

Tupige hesabu, kwa sababu hakuna aliyeipiga dukani wala nyumbani. Miligramu 3000 katika mililita 30 ni miligramu 100 kwa kila mililita. Mililita moja hutoa matone kama 20, kwa hiyo tone moja lina miligramu 5. Matone manne ni miligramu 20. Dropa iliyojaa ni mililita moja, yaani miligramu 100, na yeye alikunywa mbili kwa siku: miligramu 200. Mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 70 kwa siku. Oktoba 2023 ikateremsha hadi 10. Kwa chupa hii miligramu 10 ni matone mawili. Hata yale manne ya mwanzo yalikuwa mara mbili ya kiwango, na dropa mbili ni mara ishirini. Chupa ambayo kwa matone mawili ingekaa siku 300 iliisha siku ya 22, binti akanunua nyingine bila kushtuka. Kasi ile ya kuisha peke yake ilikuwa kengele tosha.

Na ushauri wenyewe wa miligramu 10 ni wa mtu mwenye afya asiyetumia dawa yoyote. Wanaotumia dawa za hospitali, wajawazito na wanaonyonyesha wameambiwa wasiyatumie, isipokuwa anayetumia dawa awe ameelekezwa na daktari. Maneno hayo huwa kwenye lebo kwa herufi za kujikunyata, nyuma ya chupa, kwa lugha ambayo mama haisomi.

Kuna kipimo kingine cha kuelewa miligramu 200. CBD hiyo hiyo ni dawa rasmi ya kifafa kikali cha watoto. Marekani iliidhinishwa Juni 2018 kwa jina la Epidiolex. Dozi ya kuanzia ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na daktari hupima ini kabla ya kuanza na baadaye. Mtu wa kilo 62 angeanza na miligramu 310. Kwa hiyo mama alikuwa anakunywa takriban theluthi mbili ya dozi ya kuanzia ya dawa ya hospitali, bila daktari na bila kipimo, kwa sababu chupa inauzwa kama chakula. Kitu kikiuzwa kama chakula hakiji na ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, inayotaja dawa zisizochanganyika nayo. Muuzaji naye hana wajibu wa kuuliza anachouliza mfamasia.

Siku ya 24 hivi alianza kusinzia mchana na hamu ya kula ikapungua. Akasifu mafuta kwa usingizi. Mchicha na sukuma wiki, mboga zenye vitamini K nyingi, akaziacha kwa kukosa hamu, na kukosekana kwa vitamini hiyo nako hupandisha INR. Siku ya 27 asubuhi alipopiga mswaki povu lilitoka la pinki. Kwenye mkono, pale mpini wa mfuko wa soko ulipokaa jana yake, damu ilikuwa imevilia: alama ya zambarau upana wa vidole vitatu, isiyouma. Binti akapiga simu kliniki, wakaitwa siku hiyo hiyo. INR ikasoma 5.6.

Muuguzi akauliza swali la kawaida, binti akatafsiri: "Mama, kuna dawa yoyote mpya unayokunywa?"

"Hapana, mwanangu. Dawa ni zile zile."

Alisema kweli kwa jinsi alivyolielewa swali. Na binti, ambaye ndiye aliyenunua, naye hakuyakumbuka mafuta, maana kwake yalikuwa kirutubisho. Wakaulizwa kuhusu antibayotiki, hakuna. Kuhara, hakuna. Vidonge vimezidishwa? Wakahesabu vilivyobaki, vilikuwa sawasawa. Paracetamol ilikuwa ile ile gramu moja. Ingekuwa gramu nne kila siku kwa siku nyingi ingeweza yenyewe kupandisha INR. Ilipofika hapo mfamasia wa kliniki akabadilisha swali: nataka kuona kila kitu kinachoingia mdomoni na kila kinachopakwa, kileteni kwenye mfuko, hata kama si dawa. Jioni binti akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na habasoda, vikopo viwili vya vitamini, mafuta ya kuchua, na chupa nyeusi yenye dropa.

"Mama, kwani unatia matone mangapi?"

"Matone ya nini tena? Manne hayakunisaidia kitu. Nafyonza mpaka juu, asubuhi na usiku."

Kwa nini mafuta haya yalifanya hivyo? Warfarini huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla ya kutoka mwilini. Dawa hii ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ile yenye nguvu zaidi humalizwa hasa na kimeng'enya kinachoitwa CYP2C9. CBD hukikalia kimeng'enya hicho. Mama hakuongeza hata chembe ya warfarini, lakini ile ya jana ilikuwa haijaondoka leo inapoingia, na ya leo ikaikuta ya juzi. Jambo hili limeandikwa katika fasihi ya tiba: mgonjwa wa miaka 44 huko Alabama, mwenye vali ya bandia na warfarini iliyotulia, alipoanzishiwa CBD ya kifafa INR yake ilipanda, na madaktari walilazimika kupunguza warfarini kwa kama asilimia 30. Yeye alipona salama kwa sababu damu yake ilikuwa inapimwa muda wote. Mama yetu alikuwa kwenye miadi ya wiki 8.

Mambo mawili yaliongeza uzito. La kwanza ni chakula. CBD hupenda mafuta; ikinywewa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kilele chake kwenye damu huweza kufika mara tano ya kile cha tumbo tupu, na jumla inayoingia mwilini mara nne. Mama alikunywa asubuhi pamoja na maandazi na chai ya maziwa, usiku baada ya wali wa nazi. Hivyo dropa ile ile kwa jirani anayeinywa alfajiri kabla ya kula chochote si sawa na dropa yake, na watu wanapolinganisha matone ("mimi natumia kama wewe, sijapata shida") wanalinganisha vitu viwili tofauti.

La pili ni muda. CBD ikitumiwa mara mbili kila siku, nusu yake huchukua saa 56 hadi 61 kuondoka. Inajilimbikiza kwa siku 12 hivi kabla ya kutulia. Kuanzia siku ya nane hesabu hiyo inatupeleka siku ya 20, na INR hufuata nyuma kwa siku kadhaa kwa sababu viungo vya kugandisha vilivyokwisha tengenezwa lazima viishe kwanza. Siku ya 27 haikuwa ajabu. Anayesema "nimetumia wiki nzima sikuona kitu" amepima mapema mno.

Tiba ilifuata mwongozo wa Uingereza. INR kati ya 5 na 8 bila damu kutoka, mgonjwa huruka dozi moja au mbili na dozi yake hupunguzwa. Ikiwa kuna damu ndogo, kama hii ya fizi, warfarini husimamishwa na vitamini K hutolewa kwa mshipa, miligramu 1 hadi 3. Alipewa 1. Kwa mgonjwa wa vali hatua hii hupimwa kwa uangalifu: vitamini K ikizidi, warfarini hugoma kufanya kazi kwa siku nyingi, na kiharusi tulichokuwa tunakikimbia kinapata mlango. Kama angetapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kuanguka na kugonga kichwa au kuumwa kichwa kwa ghafla na ukali, asingesubiri kliniki. Hiyo ni gari la wagonjwa saa ile ile. Kipimo cha ini kilionyesha ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) ya 68, juu kidogo ya kawaida, jambo ambalo CBD hulisababisha kwa baadhi ya watu.

Mafuta yalisimamishwa siku ile ile. Kesho yake INR ilikuwa 3.1, akaanza tena warfarini kwa kidonge cha bluu peke yake, miligramu 3.

Hapa ndipo pana mtego ambao tunauona ni mbaya kuliko ule wa kwanza. CBD haikutoka usiku ule. Kwa saa 60 za kila nusu, huchukua karibu wiki mbili kupungua hadi isiwe na nguvu, na kadiri inavyopungua, vimeng'enya vinafunguka na warfarini inaanza tena kuondoka haraka. Dozi iliyopunguzwa ili kuendana na mafuta inakuwa ndogo mno mafuta yanapoisha. Kwa hiyo hakupewa wiki 8 tena. Alipimwa kila baada ya siku tatu au nne. Siku ya 31 INR ilikuwa 2.7. Siku ya 35, 2.2. Siku ya 39, 1.8, chini ya mstari: damu inaweza kuganda. Jioni hiyo kidonge cha kahawia kilirudi pamoja na cha bluu. Siku ya 46 akasoma 2.4, pale pale alipokuwa kabla ya chupa. Kama kliniki ingeridhika na ule 2.7 mzuri na kumpa miezi miwili, kipindi kirefu angekikaa bila kinga bila mtu kujua.

Ndiyo maana mtu ambaye tayari anatumia CBD pamoja na warfarini, na anasoma haya akiwa na hofu, asiitupe chupa leo kimya kimya. Apige simu kliniki kwanza, aseme dozi yake kwa miligramu, tarehe aliyoanza na tarehe anayoacha, aombe kupimwa ndani ya siku chache na tena mara kadhaa kwa wiki mbili zinazofuata. Na warfarini si peke yake. Clobazam ya kifafa hugeuka kuwa kitu kinachojaa mara tatu kwenye damu ikikutana na dozi kubwa za CBD, na valproate, dawa nyingine ya kifafa, ikiungana nayo huweza kuumiza ini. Kwa asiyejua majina ya dawa zake, onyo la balungi husaidia kidogo: kama boksi la dawa linakataza balungi, muulize mfamasia kabla ya CBD. Lakini onyo hilo halitoshi, kwani kimeng'enya kinachohusika na balungi si hiki cha warfarini.

Je, magoti yangepata nafuu kama mafuta yangetumiwa vizuri? Mwaka 2023 kulichapishwa jaribio la Vienna la wagonjwa 86 wenye magoti yaliyosagika. Nusu walipewa CBD ya kumeza, miligramu 600 kwa siku, pamoja na paracetamol. Nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa pamoja na paracetamol ile ile. Baada ya wiki 8 maumivu hayakutofautiana. Miligramu 600 ni mara tatu ya dozi ya mama. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mtu akiamini kwamba tatizo lilikuwa dozi tu, atatafuta dozi "sahihi" ya kitu ambacho goti halikijali.

Kuhusu chupa yenyewe, lebo ya hii ilikuwa ya kweli, lakini hilo si la kutegemea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti walinunua kwa intaneti Marekani bidhaa 84 za CBD na kuzipima: 26 tu zilikuwa na kiasi kilichoandikwa, 36 zilikuwa na CBD zaidi, 22 pungufu, na 18 zilikutwa na THC. Anayenunua adai cheti cha maabara chenye namba ya toleo inayolingana na ile iliyogongwa kwenye chupa. Cheti cha toleo jingine ni karatasi tu. Mafuta ya mbegu za mmea huo, yanayouzwa rafu moja na mapishi, karibu hayana CBD kabisa. Ni mafuta ya kula, na baadhi ya watu wameyanunua kwa bei ya dawa.

Mama alikuwa amepanga kupitia Dubai kwenda Tanga mwezi uliofuata, na chupa ya pili alikuwa ameitenga kwa dadake. Umoja wa Falme za Kiarabu unakataza bidhaa za CBD, na Tanzania mazao ya bangi ni kosa. Neno "hemp" halimwokoi mtu kwenye mashine ya mizigo. Chupa ilirudishwa kwa mfamasia ikaharibiwe, na kliniki ikatuma taarifa kwenye mfumo wa Kadi ya Njano, ambako madhara ya dawa na ya bidhaa za mitishamba hukusanywa Uingereza. Mgonjwa mwenyewe au mwanawe pia anaweza kuripoti huko.

Kwa magoti alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Zoezi la kwanza alilopewa: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, akaze paja, ahesabu hadi tano, ateremshe polepole, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Fimbo aishike mkono ulio kinyume na goti linalouma zaidi, maana wengi huishika upande ule ule na kulielemea goti. Paracetamol aliruhusiwa kuinywa kwa mpangilio, kwa kiasi kinachojulikana na kliniki, na INR ikapimwa baada ya wiki moja.

Kwenye kitabu chake cha njano cha kumbukumbu za warfarini, ukurasa wa ndani, binti aliandika kwa Kiswahili swali ambalo mama atalijibu kila miadi: "Tangu mara ya mwisho, umeanza, umeacha au umeongeza kitu gani cha kunywa, kutia chini ya ulimi au kupaka, hata kama ni mafuta?"